Betri ya Pili Haizalishi Umeme: Majibu kwa Wenye Boti

Maswali ya betri mbili yamerundikana tena. Nusu yake hayataji ukubwa wa injini, idadi ya taa wala urefu wa boti. Hayo nimeyaweka pembeni, maana siwezi kupima waya nisiouona.

Shikamoo fundi. Nina injini ya nguvu-farasi 15 ya kuvuta kamba, navua usipa usiku kwa taa nne za LED. Nifungeje betri mbili? (Matema)

Marahaba. Usifunge. Betri mbili zina kazi moja tu, kuzuia taa zisiinyonye betri ya kuwashia injini. Wewe unawasha kwa mkono, sasa unalinda nini?

Piga hesabu. Taa nne za wati 10 ni wati 40. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 3.3. Zikiwaka saa 8 zinakula kama ampea-saa 27. Betri ya N70, yaani ya ampea-saa 65 hadi 70, ikitumika hadi nusu inatoa 30 na ushee, kwa hiyo moja inakutosha. Shida yako ni kuirudisha. Injini nyingi za saizi yako, kama zina koili ya umeme, hutoa ampea chache, tena bila rektifaya, kifaa cha kuugeuza uwe wa kuchajia, umeme huo hauchaji betri kabisa. Ukipata ampea 6 kwa saa moja na nusu ya kwenda na kurudi, umerudisha 9 kati ya 27. Ukiongeza betri, baada ya siku chache utakuwa na mbili zilizokufa badala ya moja. Pesa hiyo nunua paneli ya sola ya wati 100 na kontrola yake. Jua zuri la saa 5 litakurudishia ampea-saa 25 hivi. Mvua za Kyela za Aprili zikianza usiitegemee, peleka betri kwenye chaja ya umeme wa nyumbani.

Injini yangu ni ya 40, ina stata. Nina taa, redio na pampu ya kutoa maji. Nipe mpango kamili. (Lupingu, Ludewa)

Wewe ndiye mwenye haki ya betri mbili. Betri A ni ya stata peke yake, betri B ni ya kazi nyingine zote.

Anza na hasi: unganisha hasi ya A na hasi ya B kwa waya mnene, milimita za mraba 35 kama ule wa stata. Wengi husahau hapa, kisha wanashangaa B haipati chaji. Chanya ya A ipite kwenye swichi yake ya kukata, kisha iende kwenye injini. Chanya ya B ipite kwenye fyuzi kubwa na swichi yake, halafu kwenye boksi la fyuzi, kila kifaa na fyuzi yake.

Katikati ya chanya mbili weka rilei inayohisi volti. Injini ikichaji na volti zikafika 13.3 au zaidi kidogo, rilei inaunganisha betri zote. Zikishuka hadi 12.8 inaziachanisha yenyewe, bila mtu kukumbuka kitu. Waya wa rilei uwe wa milimita za mraba 16, na fyuzi ya ampea 60 *pande zote mbili*, maana kila upande una betri inayoweza kuuchoma.

Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi shubiri moja kutoka kwenye kichwa chake. Fyuzi iliyo mbali hailindi kipande cha waya kilicho kabla yake, na kipande hicho ndicho hupita jirani na tangi la petroli.

Pampu usiipitishe kwenye swichi ya B. Ifunge moja kwa moja kwenye betri kwa fyuzi yake yenyewe, ukubwa ulioandikwa kwenye pampu. Boti ikivuja usiku imefungwa ufukweni na swichi zimezimwa, pampu lazima ifanye kazi.

Fundi kaniwekea swichi moja yenye 1, 2 na zote. Kila asubuhi betri zote zimekufa. (Itungi)

Unalala ikiwa kwenye "zote". Ukizima injini, irudishe kwenye betri ya taa. Na usiipitishe swichi kwenye alama ya kuzima wakati injini inanguruma, utaua rektifaya.

Nimeunga chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine kama kwenye lori. Kipima samaki kimetoa moshi. (Kyela)

Umetengeneza volti 24. Lori linataka 24, kipima samaki chako kinataka 12.

Naweza kuunga betri mpya na ya zamani ziwe kitu kimoja? (Mbeya mjini)

Hapana. Ya zamani itaivuta mpya chini.

Ukienda dukani, beba mita ya volti. Betri iliyojaa na kutulia inasoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma chini ya 12.4 imekaa kwenye rafu muda mrefu, iache.

Taa za mbele zinafifia, za nyuma ziko sawa. Waya ni ule wa nyumbani. (Mtera)

Waya wa nyumba una uzi mmoja mgumu. Mtikisiko wa boti unauvunja ndani ya plastiki bila wewe kuona. Tumia waya wa nyuzi nyingi, shaba tupu, milimita za mraba 2.5 kwa taa zilizo mita 6. Kwangua uzi kwa kisu: ukiwa mweupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, urudishe dukani. Viungo vibanwe kwa lagi, kile kichwa cha shaba kinachobanwa mwishoni mwa waya. Kusokota na kuzungushia tepu ndiko kunakozaa ule ukungu wa kijani.

Betri imepungua maji, niongeze asidi? (Kyela)

Kinachokauka kwa joto la huko ni maji, asidi imebaki humo. Ongeza maji ya betri yasiyo na asidi, si ya ziwa, yafunike sahani tu. Chaji kwanza, kisha jaza hadi alama. Ukijaza kabla ya kuchaji, yatafurika na kula mbao za boti.