Jinsi ya kuzungumza na wasafiri wenzako ndani ya TAZARA

Kwa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia ni kilomita 1,860, na utazipita ukiwa na watu usiowafahamu. Daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, la pili sita. Wanaume na wanawake hulala vyumba tofauti, isipokuwa mmekata tiketi za chumba kizima.

Mchana kitanda cha chini ndicho kiti cha wote. Kama chako ni cha juu, usijitupe tu hapo: salimia, mkubwa kwako mpe shikamoo yake, kisha uliza, "Naweza kukaa hapa?" Ombi hilo dogo hufungua maongezi kuliko maswali kumi.

Swali la kwanza liwe "Unashuka wapi?" Jina litakuja lenyewe. Akisema Ifakara au Mlimba, mna saa chache, na mahali pa kuanzia ni mpunga wa Bonde la Kilombero: umeuzwaje msimu huu, mvua zimekujaje. Akisema Makambako, uliza viazi na mbao. Wa Tunduma mara nyingi ni mfanyabiashara. Huyo muulize mzigo, barabara na forodha. Usimuulize mtaji wala faida, maana pesa anazo mwilini na swali hilo litamfanya akuogope. Utani wa makabila ni mtamu, ila mwache yeye auanze. Wengine humo chumbani huenda hawana utani na kabila lako.

Chakula ndicho kinachoharibu au kujenga. Ukifungua chako, sema karibu kwa kila mmoja. Lakini wapo wezi wanaowawekea abiria dawa kwenye vinywaji, kwa hiyo mgeni mwema hamlazimishi mwenzake. Nunua vituoni vitu vyenye ganda: ndizi, machungwa, mayai ya kuchemsha, karanga. Kila mtu anamenya mwenyewe na hakuna wa kumshuku mwenzake. Ukipewa soda iliyokwisha kufunguliwa, "Ahsante, nimeshiba" inatosha.

Baada ya Mlimba treni inapanda milima kuelekea Makambako, mahandaki na madaraja yakifuatana. Simu zikikosa mtandao, watu huinua macho. Sogea dirishani, waulize wenyeji majina ya mito.

Mtu akianza kuandaa kitanda chake alale, maongezi yamekwisha, hata kama hadithi iko katikati. Wanaotaka kuendelea waende behewa la chakula, ambako wanaume na wanawake huongea pamoja. Funga mlango wa chumba kwa ndani.

Mkishavuka mpaka Tunduma na kuingia Nakonde, upande wa Zambia, salamu inabadilika: "Mulishani?" ni ya Kibemba, na "Bwino" hujibu. Saa za Zambia ziko nyuma kwa saa moja, kwa hiyo mkipeana miadi ya kushukia pamoja, taja ni saa ya nchi gani.