Samaki yupo, yuko au yumo?

Msomaji wetu wa Morogoro, mtaalamu wa uvuvi, anauliza: "Tunaandaa ripoti kuhusu sato walioingia katika mabwawa na vijito ambavyo zamani vilikuwa na perege wa asili tu. Hatukutega nyavu. Tulichota maji, tukayachuja, maabara ikatafuta vinasaba. Mwenzangu ameandika: 'Uwepo wa sato vamizi umegunduliwa katika bwawa.' Mimi nataka iwe 'sato wavamizi'. Nani yuko sahihi? Na hii DNA inayookotwa majini, tuiite 'DNA ya mazingira'?"

Uko sahihi, ndugu, nami nitalimaliza hilo upesi kwa sababu jipu la sentensi hiyo liko kwingine. Neno lililotokana na kuvamia hufuata nomino yake kama -haribifu inavyofuata. Tunasema wadudu waharibifu, na sijamsikia mkulima akilalamikia "wadudu haribifu". Basi samaki wavamizi, sato wavamizi. Najua mabango yamejaa "mimea vamizi" na "viumbe vamizi", na vita hiyo nadhani tumeshashindwa. Ukikutana na "spishi vamizi", mpishe njia. Samaki lakini ni kiumbe mwenye uhai na ana ngeli yake. Hakikisheni pia kwamba ni mvamizi kweli, maana si kila mgeni ni mvamizi. Sato mwenyewe ni mgeni katika Ziwa Victoria, aliingizwa miaka ya 1950, na leo mlaji wa Mwanza atakushangaa ukimwambia huyo si samaki wa kwao.

Sasa tulitumbue jipu: uwepo.

Kiswahili kilitupa kuwapo, kuwako na kuwamo. Kuwepo kulikuja baadaye kukamsukuma kuwapo pembeni, nami nimeshakumeza. Halafu akatokea mtu akang'oa ku- akabandika u-, akadhani anaunda neno kama upendo. Upendo umetoka kwenye penda, mwisho wake umebadilika, na umekuwa nomino kamili. Uwepo ni kitenzi kilichovalishwa kofia ya nomino huku mkia wa mahali, -po, bado unaning'inia nyuma. Kama ni halali, ndugu zake wako wapi? Mbona hatusikii "uweko wa samaki" na "uwemo wa samaki"? Uwepo wa Mungu makanisani siugusi, huko una waumini wake. Kwenye ripoti ya bwawa unaharibu kazi, na nitaeleza unaiharibuje.

Tuna viambishi vitatu vya mahali, na kila kimoja kina kazi. Yupo: yu mahali tunapopajua, tunaweza kupanyooshea kidole. Yuko: yu mahali fulani, pengine mbali, pasipo mipaka dhahiri. Yumo: yu ndani ya kitu. Wanaopima vinasaba majini wangetakiwa kushukuru kuliko mtu yeyote kwa utajiri huu, maana swali lao lote ni la po, ko na mo.

Samaki anapoogelea huacha ute, magamba, kinyesi, mkojo, na wakati wa kuzaliana huacha mayai na mbegu. Humo mna seli, na ndani ya seli mna vinasaba. (Neno hilo ni mtoto wa nasaba, ukoo, la Kiarabu, na limetulia vizuri.) Vikishatoka mwilini hudumu majini siku chache hadi wiki kadhaa. Joto, jua kali na bakteria huvimaliza mapema, na mkondo huvichukua mbali na samaki aliyeviacha. Kwa hiyo maabara inapokupa jibu la ndiyo, unalolijua kwa hakika ni moja: vinasaba vya sato vimo katika maji mliyochota. Samaki mwenyewe? Huenda yumo bwawani. Huenda yuko kilomita kadhaa juu ya mto, katika bwawa la mfugaji linalofurika kila masika. Huenda alikuwamo, akafa wiki iliyopita. Huenda hajawahi kukanyaga hapo: mnandi, ndege mla samaki, alimla sato kwingine akaja kunya ukingoni, au mvuvi ameburuza nyavu mbichi zilizotoka ziwa jingine, au mama ntilie anaosha samaki wa sokoni na kumwaga maji mtoni. Haya yote mwenzako ameyafinyanga katika neno moja la herufi tano akaliita "uwepo". Dalili ya mvua ni mawingu, lakini hakuna anayeyaona mawingu akasema amelowa.

Anayedhani ninagombania herufi aangalie Chicago. Mwaka 2009 vinasaba vya karpi wa Asia vilibainika katika njia za maji za mji huo, upande wa pili wa kizuizi cha umeme kilichowekwa ili samaki hao wasifike kwenye Maziwa Makuu ya Marekani. Je, samaki wamo, au ni vinasaba tu? Hoja ilifika hadi mahakamani, majimbo yakashitakiana. Mwezi Juni 2010 karpi mmoja mwenye kichwa kikubwa akanaswa kwa wavu katika Ziwa Calumet, ng'ambo ya kizuizi. Huyo sasa alikuwamo. Tofauti ya vinasaba vimo na samaki yumo iliwalipa mawakili mishahara.

"Umegunduliwa" nalo linanikera, ingawa kidogo zaidi. Kugundua ni kuvumbua lisilojulikana. Kipimo kinabaini. Mashine ya PCR, inayorudufu vipande vya DNA hadi vionekane, ilitafuta mfuatano wa DNA uliotajwa mapema na kuukuta, haikuvumbua kitu. Andika "vimebainika" usonge mbele.

"Katika bwawa" hakuna kosa la sarufi, kuna uvivu. Bwawani wapi, maji kiasi gani, chupa ngapi? Msomaji anayeijua kazi hii ataanza kuuliza kabla hajafika kwenye nukta. Mlichuja lita ngapi kila sampuli? Lita moja au mbili ndicho kiasi cha kawaida, kwa kichujio chenye vitundu vya mikromita 0.45 hivi. Kwenye maji ya tope kichujio huziba kabla hata nusu lita haijapita. Watu hubadili kwenda vitundu vipana, au hugawa maji kwenye vichujio viwili vitatu. Vyovyote iwavyo, mililita zilizopita kweli zinaandikwa, maana sampuli ya mililita 200 ikikosa kitu hailingani na sampuli ya lita mbili iliyokosa kitu. Kijitoni mlianzia chini mkapanda juu, au mlivuruga maji kwa miguu yenu kisha mkayachota? Glovu zilibadilishwa kila kituo? Chupa zililoweshwa kwenye jiki, kipimo kimoja kwa maji tisa, kwa dakika 10, halafu zikasuuzwa sawasawa? Jiki huangamiza vinasaba vilivyobaki kwenye chombo. Isiposuuzwa itaangamiza na vile mlivyokuja kuvitafuta. Maji yalikaa kwenye barafu yakachujwa ndani ya saa 24, au yalizunguka siku mbili nyuma ya pikapu? Kichujio kilitiwa kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi?

Na muhimu kuliko yote, chupa ya udhibiti. Hii ni chupa ya maji safi ya maabara inayobebwa hadi bwawani, inafunguliwa hapo hapo, inachujwa kwa vifaa vile vile na kupimwa pamoja na zingine. Nayo ikionyesha sato, vinasaba vimetoka kwenye mikono yenu, glovu zenu au meza ya maabara, na sampuli zote za siku hiyo zinatiliwa shaka. Ripoti isiyotaja chupa ya udhibiti mimi siisomi hadi mwisho, hata iwe na Kiswahili cha Lamu.

Kinyume chake ndicho kinachoniudhi zaidi: "Hakuna uwepo wa sato." Hapo makosa mawili yamefunga ndoa. Maji yenye rangi ya chai, yaliyojaa majani yaliyooza, yana asidi zinazozuia PCR isifanye kazi. Jibu linakuwa hapana wakati vinasaba vimo tele. Maabara makini huongeza DNA inayojulikana ili kuona kama itasomeka. Isiposomeka, huzimua dondoo, yaani vinasaba vilivyokamuliwa kwenye kichujio, mara 10 na kupima upya. Kuna na hili linalowahusu ninyi hasa: vipimo vingi hulenga DNA ya mitokondria, vile vijiwanda vya nishati ndani ya seli, kwa kuwa seli moja ina nakala zake nyingi mno, na hiyo hurithiwa kwa mama tu. Sato huzaana na perege wetu wa asili. Baba akiwa sato na mama perege, samaki chotara atasomeka perege mtupu. Mtaandika "hakuna", na nusu ya bwawa ni machotara. Andikeni "havikubainika". Neno hilo linasema kipimo kilipofikia.

Kuhusu "DNA ya mazingira": mazingira hayana DNA, wenye nayo ni viumbe. Lakini maji ya kisima nayo hayakuzaliwa na kisima, na hakuna aliyegoma kuyanywa kwa sababu ya -a unganifu. Nilipenda "vinasaba vilivyomo majini", maana ile -mo inafanya kazi yake. Kama jina lazima liwe fupi, "vinasaba vya mazingira" napitisha, shingo upande.

Sentensi yenu basi iwe hivi: "Vinasaba vya sato vimebainika katika sampuli 3 kati ya 12 za maji ya bwawa, lita moja kila moja, havikubainika katika chupa za udhibiti." Idadi wekeni zenu. Mkishatega wavu mkamtia mkononi, hapo ndipo muandike kwamba sato yumo, na hakuna atakayewabishia.

Na lile "zoezi la uchukuaji wa sampuli" mlilolitia kwenye kichwa cha ripoti, lifuteni. Mlichota maji.