Faili Liko Kimara, Mimi Niko Dodoma

Juzi msomaji mmoja, kijana, ameniandikia usiku wa manane. Tasnifu yake imo kwenye kompyuta ya nyumbani kwao Mbeya, yeye yuko Dar, na msimamizi wake anaitaka Ijumaa. "Kaka, nifanyeje?" Nilicheka, kisha nikajionea haya, kwa sababu mwezi wa tano nilikuwa mimi.

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Ofisi yangu ni chumba cha nyuma nyumbani Kimara, Dar, chenye kompyuta ya mezani niliyoiunga kipande kwa kipande. Siku naacha kazi ya kuajiriwa, bosi wangu alisema mbele ya wenzangu kwamba ofisi ya mtu mmoja ni kijiwe chenye printa. Maneno yale bado ninayo. Kwa hiyo nilipoitwa Dodoma kuwasilisha mchanganuo wa gharama za hosteli ya ghorofa tatu, ile karatasi ambayo kila fundi anaiita BOQ, kichwani kwangu nilikuwa nakwenda kumjibu yule mzee.

Nikapanda treni ya SGR jioni, nikalala gesti. Saa moja asubuhi nikachomeka flashi kwenye laptopu ya kuazima, nikafungua faili, nikakutana na bei za nondo za mwezi wa pili. Toleo la zamani! Lile jipya, nililolikeshea siku tatu, liko Kimara, zaidi ya kilomita 400 nyuma yangu. Kikao saa nne.

Wa kumpigia alikuwa mmoja tu. Mama, ambaye alikuja kwangu kutoka Singida kutibiwa macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekunywa chai?"

"Bado. Mama, naomba uniwashie kompyuta."

"Umeme hakuna. Kwa jirani upo, kwetu hakuna."

Maana yake uniti zimeisha, na aliyepaswa kununua ni mimi. Nikanunua LUKU ya elfu kumi kwa simu, tokeni ikaja, nikamtumia. Tarakimu ishirini. Nilidhani macho yake yatatukwamisha, lakini mama ameshika daftari la kikoba miaka mingi, namba hazimtishi. Alivaa miwani, akatoka hadi kwenye mita, akazisoma nne nne kwa sauti huku akibonyeza, na kosa halikutokea. Mimi naingiza tokeni mara tatu ndiyo inakubali.

Kompyuta ikawaka, ikaomba nywila. Hapa naomba mnisitiri. Nywila yangu ilikuwa jina la dada mmoja tuliyeachana mwaka juzi, pamoja na mwaka wake wa kuzaliwa. Sikuibadilisha; nilikuwa najiambia ni uvivu. Nikaanza kumtajia mama herufi moja moja. Alipofika ya nne akanyamaza.

"Huyu si yule uliyemleta Krismasi?"

"Ni yeye mama."

"Haya. Endelea."

Hakusema zaidi, na ingekuwa nafuu angesema.

Bahati yangu, miaka miwili nyuma niliweka AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali, kwenye mashine ile nilipokuwa namsaidia mteja wa Arusha, na sikuwahi kuiondoa. Nikamwongoza mama kuifungua. Kushika kipanya ndiko kulikotuchukua muda, kwa sababu alikuwa anakinyanyua hewani kama rimoti. Hatimaye akanisomea namba tisa za kompyuta yangu, nikaziandika kwenye laptopu, upande wake ukaja ujumbe wa kuuliza kama aniruhusu. Akabonyeza kukubali.

"Mshale unatembea wenyewe! Ni wewe?"

"Ni mimi mama."

"Kwa hiyo hata chumba unakiona?"

"Chumba sikioni."

"Afadhali, sijafagia."

Kwenye eneo-kazi langu kulikuwa na mafaili matatu: moja "mwisho", lingine "mwisho mpya", la tatu "mwisho kweli". Nikayapanga kwa tarehe ya kuhifadhiwa na siyo kwa jina. La karibuni zaidi lilikuwa "mwisho mpya". Ningefuata majina ningebeba makosa kwa mara ya pili. Lilikuwa dogo, nikalituma kwa barua pepe. Nilipolifungua Dodoma, Excel ikauliza kama isasishe viungo, kwa kuwa bei nilizivuta kutoka faili lingine lililobaki nyumbani. Nikakataa, bei zikabaki kama zilivyohifadhiwa. Ukipatwa na hilo, kataa nawe.

Steshenari wakanichapia kurasa 41. Saa nne kasoro dakika tano nilikuwa mlangoni, shati limelowa. Mwenyekiti wa kamati akapokea kitabu, akapitiliza kurasa 40, akatazama jumla kwenye ukurasa wa mwisho, akasema, "Sawa." Kazi tulipata. Bosi wangu wa zamani alizisikia habari, nimeambiwa.

Sasa tuje kwako, kijana wa Mbeya. Usimsumbue mtu na mambo ya kuendesha kompyuta kwa mbali kama hukuyaandaa kabla. Tafuta mdogo wako au jirani anayejua kuunga simu kwa waya, alinakili faili kwenye simu, akutumie WhatsApp kama dokumenti. WhatsApp inapokea dokumenti hadi GB 2, ila Gmail kiambatisho kikizidi MB 25 haikibebi, inakigeuza kiungo cha Google Drive. Hiyo tasnifu yako haifiki GB 2, hata ukiijaza picha.

Na ukishaipata, weka nakala. Google wanakupa GB 15 bure, weka nakala humo. Jitumie barua pepe, hiyo nayo ni nakala. Flashi ni nakala pia, mradi uangalie tarehe ya faili kabla hujapanda gari. Vijana wenzangu, tunabadilisha simu kila mwaka na kuinunulia kava na kioo cha kuilinda, halafu kazi ya miaka mitatu tunaiacha kwenye diski moja iliyo chini ya meza anapolala paka. Tunasema Mungu atasaidia. Mungu alinipa mama mwenye miwani, na wewe unaweza usimkute mtu nyumbani.

Kama unataka kuingia kwenye mashine yako ukiwa popote, fanya maandalizi leo. Kwenye AnyDesk weka nywila ya kuingilia ili pasihitajike mtu wa kukubali kule nyumbani. Programu nyingine ya aina hiyo, Chrome Remote Desktop, ni ya bure na inataka PIN ya tarakimu sita au zaidi. Zuia kompyuta isilale. Ingia pia kwenye mipangilio ya ubao mama (BIOS, ile unayoifungua kompyuta inapoanza kuwaka), chagua ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Kwa umeme wetu huu, hilo ni muhimu kuliko programu yoyote. Na waonye wa nyumbani: hizo namba tisa hazisomwi kwa mtu yeyote anayepiga simu akijiita fundi wa benki. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemfundisha mama njia ya kuibiwa, ikabidi nimpigie tena kumwambia.

Hayo, isipokuwa ya ubao mama ambayo yanamtaka mtu awepo, niliyapanga usiku wa siku ile ya kikao kutoka gesti, mama akiwa ameiacha kompyuta inawaka. Nywila mpya, isiyo jina la mtu. Nikalala nimejisifu. Alfajiri nikataka kuvuta lile faili la bei, nikajaribu kuingia mara moja, mara mbili, mara nne. Mashine haionekani. Nikampigia.

"Mama, umeme umekatika tena?"

"Umeme upo. Hiyo kompyuta yako ilikuwa inakula uniti usiku kucha na hakuna mtu anayeitazama. Nimeichomoa ukutani."