Maswali ya wasomaji: Hizi zabibu zenye majina mageni

Zamani ukiulizia mvinyo mwekundu dukani unaonyeshwa Merlot, Cabernet, Shiraz, basi. Siku hizi rafu ina majina ya kuuma ulimi, na maswali yenu yamenijia kwa mkupuo.

Nimenunua chupa ya Chile imeandikwa Carménère. Muuzaji anasema ni Merlot tu, jina ndilo tofauti. Kweli? (Msomaji, Mikocheni)

Si kweli, ila usimlaumu sana. Wachile wenyewe walikosea hivyo hivyo kwa miaka mingi. Carménère ni zabibu ya Bordeaux, Ufaransa. Vipandikizi vyake vilifika Chile katika karne ya 19, kisha mdudu anayeitwa filoksera akala mizizi ya mizabibu ya Ufaransa. Wafaransa walipopanda upya wakaiacha, kwa kuwa inazaa kwa kusuasua. Kule Chile ikaendelea kuishi ndani ya mashamba ya Merlot, bila mtu kuijua, hadi mwaka 1994 mtaalamu wa mizabibu Jean-Michel Boursiquot alipoikagua na kuitaja kwa jina lake. Inachelewa kuiva kwa wiki kadhaa kuliko Merlot, kwa hiyo walipozichuma pamoja, moja ilikuwa bado mbichi. Inuse tena hiyo chupa: ukipata harufu ya pilipili hoho, hujakosea. Ndiyo yenyewe.

Kwa nini majina haya yameibuka sasa? (Baba Neema, Moshi)

Nusu ni fasheni, tusidanganyane. Watu wamechoka kunywa kilekile. Nusu nyingine ni joto. Jua likizidi, Merlot inaiva mbio, sukari inapanda na kilevi kinapanda nayo. Ndiyo maana Bordeaux, watu wagumu kubadili mila, mwaka 2021 waliruhusu zabibu nyekundu nne za ziada: Arinarnoa, Castets, Marselan na Touriga Nacional ya Ureno. Lakini wameziruhusu kwa kuzibana: zisizidi asilimia 5 ya shamba wala asilimia 10 ya mchanganyiko. Bei nayo ina neno lake. Zabibu ya Mencía, ya Bierzo, Hispania, haikutozi pesa ya umaarufu.

Shikamoo. Tannat ya Uruguay imenikausha mdomo kama nimekula bibo. Imeharibika? (Binti wa Tanga)

Marahaba. Haijaharibika, na mfano wako wa bibo umenifurahisha, maana ukakasi ni uleule: tanini. Kwenye mvinyo inatoka kwenye maganda na mbegu, na Tannat inayo kuliko zabibu nyingi. Kwao ni Madiran, kusini magharibi mwa Ufaransa. Huko Uruguay ilienezwa na Pascual Harriague, Mbaski (watu wa mpakani mwa Ufaransa na Hispania), katika miaka ya 1870. Usiinywe bila chakula. Mimina kwenye jagi, iache saa moja ipate hewa, kisha tafuta mbavu za mbuzi zenye mafuta. Tanini inashikana na protini ya nyama, na mdomo unapumua.

Mvinyo mwekundu kwenye friji ni dhambi? (Kinondoni)

Hapana. Hilo "joto la chumba" ni la vyumba vya Ulaya, si la Dar mwezi Februari. Nusu saa inatosha. Zabibu kama Cinsaut na Frappato ya Sisilia zinapenda sana ubaridi huo.

Na Makutupora yetu je? (Mkulima, Dodoma)

Swali hili lilipaswa kuwa la kwanza. Wageni wanazunguka dunia kutafuta zabibu ambayo hawajawahi kuisikia, na sisi tunayo, yenye jina la mahali palipo kituo cha utafiti wa zabibu, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Wewe unajua kuliko mimi: hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo unapogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mkulima wa Bordeaux anavuna mara moja.

Kinachoniudhi ni lebo. Watu wa nchi ya Georgia wanaiandika zabibu yao ya Saperavi kwa herufi kubwa, mpaka mtu wa mbali anaiulizia kwa jina. Chupa za Dodoma ninazokutana nazo, jina la zabibu nalitafuta kwa miwani. Na mavuno mengine yanauzwa kama mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ghafi wa jumla, jina linapotelea kwenye tangi. Nikipita Dodoma humuuliza muuzaji: hii imetoka zabibu gani? Akijibu "nyekundu", namuuliza tena.