27 Agosti: vita vya Zanzibar vilidumu dakika ngapi, na ilikuwa siku gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandaa kipengele cha "Siku kama ya leo" kwenye redio ya jamii hapa Tanga, na tarehe 27 Agosti imenikwamisha. Vita vya Waingereza na Zanzibar vya mwaka 1896 wengine wanasema vilidumu dakika 38, wengine 40, wengine 45. Nimeandika kwamba vilianza "saa tisa na dakika mbili asubuhi". Siku ya wiki nimepiga hesabu nikapata Jumatano, mwenzangu anasema Alhamisi. Msikilizaji mmoja naye anataka tarehe ya Kiislamu. Siku hiyo hiyo nina Katiba ya Kenya (2010) na kifo cha Haile Selassie (1975). Niweke nini?

JIBU: Marahaba. Nianze na litakalokuaibisha hewani. Ile 9:02 uliyoisoma ni ya saa za Kizungu. Kwetu ni saa tatu na dakika mbili asubuhi. Saa tisa ni alasiri, au usiku wa manane, na mizinga haikupigwa wakati wowote kati ya hizo.

Sasa dakika. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti, na siku hiyo hiyo binamu yake, Khalid bin Barghash, akaingia kasrini na kujitangaza sultani bila ridhaa ya Waingereza. Admirali Harry Rawson akampa mpaka saa tatu kamili asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera na kuondoka. Khalid hakutoka. Saa tatu ilipogonga ikatolewa amri ya kupiga, na saa 3:02 mizinga ikaanza kunguruma. Mwisho wake kwa kawaida huwekwa saa 3:40, risasi zilipokoma na bendera ya kasri kuangushwa. Ukianzia mzinga wa kwanza unapata dakika 38. Ukianzia amri, 40. Anayesema 45 ameanzia amri na kumalizia saa 3:45.

Hiyo 3:45 nayo haikuokotwa barabarani. Daftari za meli za Waingereza zenyewe hazikubaliani kuhusu mwisho: St George iliandika 3:35, Thrush 3:40, Racoon 3:41, Philomel na Sparrow 3:45. Meli tano, bandari moja, zote zinalitazama kasri lile lile! Wakati huo hapakuwa na mlio wa redio wa kuwasawazishia saa, kila meli ilifuata saa yake. Kwa hiyo usitafute nani mwongo. Sema "dakika 38 tangu mzinga wa kwanza", au sema "kama dakika arobaini", basi.

Ila usiishie kwenye dakika. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Kwa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Vipindi vingi huigeuza habari hii kuwa kichekesho cha "vita vifupi kuliko vyote duniani", na mtangazaji anacheka kabisa. Mimi sioni cha kucheka.

Kuhusu siku ya wiki, mwenzako yuko sahihi: Alhamisi. Nadhani najua ulipoteleza, maana wengi huteleza hapo hapo. Tumia Katiba ya Kenya kama kigingi. Rais Mwai Kibaki aliizindua Uhuru Park, Nairobi, Ijumaa tarehe 27 Agosti 2010. Kutoka 1896 hadi 2010 ni miaka 114. Kila mwaka husogeza siku ya wiki hatua moja, na kila 29 Februari iliyopita katikati huongeza hatua nyingine. Tarehe 29 Februari zilizopita hapo ni 27, kuanzia 1904 hadi 2008. Jumla 141. Gawa kwa 7, inabaki 1. Rudi nyuma siku moja kutoka Ijumaa: Alhamisi.

Ukiuhesabu mwaka 1900 kuwa mrefu kwa sababu unagawanyika kwa 4, utapata 142, itabaki 2, na utaangukia Jumatano yako. Mwaka 1900 haukuwa na 29 Februari. Miaka inayoishia na sifuri mbili huwa mirefu pale tu inapogawanyika kwa 400, kama 2000.

Tarehe ya Kiislamu: kwa hesabu ya kalenda ilikuwa 18 Mfunguo Sita (Rabi al-Awwal) mwaka 1314, siku chache baada ya Maulidi. Mwandamo wa mwezi unaweza kuisogeza kwa siku moja, kwa hiyo tanguliza neno "takriban". Mwambie pia huyo msikilizaji kwamba mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, hivyo 18 Mfunguo Sita haitakutana na 27 Agosti mwaka ujao wala ule utakaofuata. Kumbukumbu hizo mbili usiziweke katika sentensi moja kana kwamba ni siku ile ile kila mwaka.

Kwa Haile Selassie, weka 27 Agosti 1975 kuwa siku ya kifo. Ukiona mahali 28 Agosti, hiyo ni siku ambayo Waethiopia walitangaziwa. Ukikuta maandishi ya Kiethiopia yanasema 21 Nehase 1967, usidhani ni kosa la chapa, kwani kalenda yao iko nyuma ya hii yetu kwa miaka saba au minane kutegemea mwezi. Na unaposoma chanzo cha kifo, taja mambo yote mawili: serikali ya Derg, yaani wanajeshi waliompindua, ilisema alikufa kwa maradhi, na baada ya utawala huo kuanguka wakuu wake walishtakiwa kwa kumuua.