Kichwa cha kifutu kilichokatwa

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuokota kichwa cha kifutu mlichokikata shambani, ung'oe meno yake yawe pambo. Hapana, usikiokote kwa mkono. Nyoka hutumia oksijeni kidogo mno, neva za kichwa hazizimiki papo hapo. Kikiguswa hata saa nzima baadaye, taya hubana, na tezi za sumu bado zimejaa. Mwaka 2018 huko Texas, Marekani, jamaa alimkata nyoka kichwa bustanini kwake, akainama kukiokota, kikamng'ata. Alitibiwa kwa dozi 26 za dawa ya kuzuia sumu! Kisukume kwa koleo lenye mpini mrefu, ukifukie kwa kina ambapo mbwa hawafukui. Na hilo wazo la kung'oa meno yawe pambo, achaneni nalo kabisa, sumu iliyokauka huwa bado kali.