Kabla Hujampelekea Fundi

Kaskazi imeingia, bahari imetulia, na kila mtu ametoa vifaa vyake kabatini akakuta vimevunjika. Ndivyo ninavyosoma barua za mwezi huu. Karibu zote zinahusu vitu vya michezo vilivyonunuliwa mtandaoni, na karibu wote mlioandika mlikwenda kwa fundi kwanza, kwangu baadaye.

*Nilinunua miwani ya kuzamia na snokeli kwa muuzaji wa mtandaoni. Wiki ya pili mkanda ukakatika. Nikimpigia hapokei, na ukurasa wake siuoni tena. Pesa nilimtumia kwa namba yake. Nifanyeje? (Nyali)*

Hili ni la nne mwezi huu, na wote wanne mmetuma pesa kwa namba ya mtu. Mtu asiye na till, asiye na duka, asiye na jina zaidi ya lile lililotokea kwenye simu ulipolipa, waranti yake utaidai wapi? Na tafadhali msiniulize tena kuhusu 456, ile namba ya kuomba M-Pesa irudishwe. Hiyo ni ya aliyekosea namba, si ya aliyekosea muuzaji. Nunua mkanda mpya. Ukishaununua, kitazame na kioo chenyewe: kama ni plastiki ya kawaida, iachie watoto wachezee ufukweni, usizame nayo.

*Januari nilikwenda kwa shangazi Austria. Nikaagiza ski na viatu vyake duka la mtandaoni la huko, zikaletwa nyumbani kwake. Siku ya tatu kishikizo cha kisigino kikapasuka. Nimerudi nazo Mombasa. Fundi mmoja Mwembe Tayari anasema atakiunga. Nikiwa huku, waranti itanisaidia? (Kizingo)*

Ski, Kizingo, mbao za kutelezea thelujini. Nimeisoma barua hii mara mbili. Si kwamba Mkenya hana haki na theluji. Philip Boit alikwenda Nagano mwaka 1998, akamaliza wa mwisho katika kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri mwisho wa njia amkumbatie. Lakini sijasikia kwamba alirudi na ski zake kuungwa Mwembe Tayari.

Mwambie fundi asikiguse. Kwanza kwa ajili ya goti lako: kishikizo kile kazi yake si kubana tu, ni kukiachia kiatu unapoanguka, kabla mguu haujavunjika. Springi yake hupimwa kwa uzito wako, urefu wa soli ya kiatu na ustadi wako. Kikishatiwa gundi hakuna anayejua kitaachia lini, au kama kitaachia kabisa. Pili, ukishakigusa umempa muuzaji sababu ya kukukatalia, naye anaitafuta.

Sasa haki yako. Watu huchanganya mambo mawili. Waranti ni ahadi ya mtengenezaji, na masharti ameyaandika mwenyewe. Nyuma yake kuna sheria, ambayo inambana *aliyekuuzia*. Katika Umoja wa Ulaya sheria hiyo inampa mnunuzi miaka 2, na kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza huhesabiwa kwamba ilikuwapo tangu mwanzo, mpaka muuzaji athibitishe vingine. Wewe uliagiza huko ukapokea huko, kwa hiyo usihangaike na kiwanda. Liandikie duka. Taja namba ya oda, tarehe ya kupokea, siku kilipopasuka, na useme unataka kitengenezwe au kibadilishwe. Hilo ndilo la kwanza kudai. Kurudishiwa pesa huja wakishindwa.

Piga picha: ski nzima, kishikizo kwa karibu, ufa wenyewe, namba ya kiwandani (serial number), na soli ya kiatu. Watakuuliza nani alikifunga kishikizo. Kama ni duka, tafuta karatasi ya vipimo waliyokupa. Kama ni mjomba na drili yake jikoni, hapo umejikwaa, na usidanganye, maana matundu ya drili yanasomeka kama mwandiko. Kama ubao umechunika chini kwa kupita juu ya mawe, usiutaje kabisa. Hayo ni matumizi, hakuna waranti inayoyalipa.

Na usiitume ski Ulaya leo wala kesho. Kampuni za usafirishaji hutoza kwa nafasi ambayo mzigo unachukua, si kwa kilo tu, na mbao ndefu kuliko mlango wa matatu zitakugharimu fedha za kukuliza. Subiri duka likuambie lirudishiwe nini na kwa utaratibu gani. Mara nyingine kishikizo peke yake kinatosha, na shangazi yuko huko huko. Wakati unasubiri, zifute, zipake mafuta kwenye kingo za chuma na usiziache barazani. Hewa ya chumvi ya Kizingo haijui kama chuma kilinunuliwa Austria.

*Je, ujumbe wa M-Pesa ni risiti? (Bamburi)*

Unathibitisha umelipa, hauthibitishi umelipia nini. Uhifadhi pamoja na oda na mazungumzo yenu.

*Niliagiza mapezi ya kuogelea kutoka nje, nikalipa kwa kadi. Yamekuja, moja limepasuka. Muuzaji ananiambia "subiri" tangu wiki tatu. Niendelee kusubiri? (Tudor)*

Usisubiri. Anayekuambia subiri mara ya tatu anahesabu siku, na wewe pia uzihesabu. Kadi ina faida ambayo fedha taslimu haina: unaweza kuiambia benki yako kwamba kitu kimekuja kibovu na muuzaji hatengenezi mambo, nayo ikadai pesa kupitia mtandao wa kadi. Ndiyo maana huwaambia watu walipe kwa kadi, hata ile ya Visa iliyounganishwa na M-Pesa tangu 2022, kuliko kutuma kwa njia isiyorudi nyuma. Lakini dirisha hilo hufungwa, mara nyingi kwa siku 120. Mwandikie muuzaji mara moja zaidi, kwa maandishi, umpe siku saba. Zikipita, peleka mazungumzo yote benki. Na usiruhusu mazungumzo yahamie kwenye simu ya mdomo. Maneno ya simu huondoka na upepo.

*Viatu vya kupanda mlima, nimevinunua mtandaoni kwa duka la Nairobi, havijavaliwa hata mara mbili. Nimevitoa kabatini soli imebanduka. Duka linasema "bidhaa ikiuzwa hairudishwi". (Mji wa Kale)*

Hapa nina uchungu wangu mwenyewe. Nilikuwa na viatu vya namna hiyo, nikavitunza kwa heshima zote, ndani ya mfuko, juu ya kabati la mama. Miaka mitano. Asubuhi moja nikavivaa nikatoka Ndia Kuu. Kabla sijafika Digo Road nilihisi mguu wa kulia umekuwa mfupi. Nikageuka, nikaona vipande vyeusi vimenifuata barabarani mmoja mmoja kama punje za mkate wa jana. Mzee aliyekaa nje ya duka la halua akaniuliza kama ninaweka alama nisipotee.

Sababu inajulikana. Soli nyingi laini hutengenezwa kwa poliyurethani, na aina nyingi za poliyurethani huliwa na unyevu wa hewa polepole, hata kiatu kikiwa kimelala. Joto huharakisha. Viatu vya ski vya zamani hupasuka kwa ugonjwa huo huo, ganda zima. Mombasa tuna joto na unyevu mwaka mzima, basi ukiongeza mfuko wa plastiki uliofungwa, umevipika. Viatu hivi vinataka kuvaliwa na kupigwa na hewa.

Swali langu kwako ni hili: ulivinunua lini? Kama ni miezi michache, tazama tarehe ya kutengenezwa, mara nyingi imepigwa chini ya ulimi au kwenye lebo ya ndani. Ukikuta vilikaa ghalani miaka mingi kabla ya kuuzwa kama vipya, unayo kesi. Kibao cha "hairudishwi" hakifuti sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Liandikie duka ukitaja hayo mawili. Wakikaza shingo, ipo Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Wengi huogopa neno mahakama wakakubali hasara ya elfu kumi na tano. Hasara hizo ndizo zinazolipa kodi ya maduka haya.

Ila kama ulivinunua miaka minne iliyopita, karibu kwenye chama chetu.

*Nimenunua tiara (kite) ya kupandia mawimbi Diani, ya mkono wa pili, kwa mtalii aliyeitangaza mtandaoni. Vali ya kuijazia hewa imeachia. Mtengenezaji anasema waranti si yangu. Ana haki? (Ukunda)*

Ana haki. Waranti nyingi humfuata mnunuzi wa kwanza tu, na kama tiara ilifundishia wanafunzi, mara nyingi hata yeye hana. Hii ndiyo moja ambayo nitakuruhusu umwone fundi, wa tiara lakini, si wa mipira ya baiskeli. Gundi ya vali huachia kwa joto, basi usiiache buti la gari saa saba mchana wala ikiwa imejazwa juu ya mchanga.

*Kampuni ya nje imekubali kunitumia kifaa kipya bure badala ya kilichovunjika. Nitalipa ushuru? (Changamwe)*

Jiandae kulipa. Ushuru na VAT ya asilimia 16 hukadiriwa kwa thamani ya kitu, hata kama wewe hukutoa senti. Omba barua inayosema ni badala ya kifaa fulani chini ya waranti, ambatanisha ankara ya zamani, na umwonyeshe wakala wa forodha kabla mzigo haujaondoka, si baada ya kufika. Wala usiwaombe waandike "zawadi". Wewe ndiye utakayekaa dirishani kuelezea.

*Saa yangu ya kuzamia ilianguka kioo kikapasuka. Nikiwaambia kimepasukia ndani ya maji, watajuaje? (Likoni)*

Saa za kuzamia za kidijitali huweka kumbukumbu ya kila mzamo, na za kwako wataziomba. Halafu picha uliyonitumia ina alama ya tairi la tuktuk.